Shati Lisilo na Namba

Kila nguo iliyoingia katika duka lile la dobi ilipewa namba. Mama mwenye duka hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Suti ya mkubwa wa benki, sare ya mlinzi, shuka za mgonjwa, gauni la bibi harusi, zote zilipekuliwa mifuko, zikashikizwa kikaratasi kwa pini shingoni, na nusu ya kikaratasi akaondoka nayo mwenye nguo. Ukija bila kikaratasi chako, hata kama ni ndugu yake wa damu, utakaa kwenye benchi mpaka ukumbuke ulikokiweka.

"Nguo isiyo na namba haina mwenyewe," alikuwa akisema, "na isiyo na mwenyewe ina wenyewe wengi."

Alilisema hilo dukani, alilisema sokoni, na watu wanasema aliwahi kulisema hata msibani.

Shati moja tu mle ndani halikuwa na namba. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, nalo lilitundikwa peke yake kwenye msumari nyuma ya meza ya pasi. Mwenyewe alikuwa kijana wa duka la chapa, ng'ambo ya barabara. Aliyelipokea ni binti wa mwenye duka, na binti huyu alikuwa akimfulia kijana yule nguo zake bila namba na bila malipo tangu walipoanza kupendana. Mama yake aliona, akaguna, akaendelea na kazi. Mama akiguna kuna neno, lakini nani siku hizi ana masikio ya kusikia mguno.

Shati lile lilikuwa na kazi Jumamosi. Jumamosi wazee wa kijana walikuwa waje kuzungumza na wazee wa binti, na kila mtu mtaani alijua wanakuja kuzungumza nini.

Sasa mambo haya yalianza Alhamisi.

Yule binti walimwita Kimya. Si kwamba alikuwa bubu. Alijibu akiulizwa, alicheka pa kucheka. Ila maneno yake mengi aliyatoa kwa vidole. Jioni, pasi zikipoa, alikaa juu ya rundo la mashuka yasiyofuliwa, akachukua simu, akaandika hadithi za mapenzi. Alizituma kwenye kundi la simu la kina mama kwa laini nyingine ambayo haikujulikana ni ya nani. Jina hakuweka. Chini kabisa aliandika maneno yale yale kila siku: Soma, mpe na mwenzio, ni bure. Kina mama walisoma, wakampa mwenzao, na mwenzao akampa mwenzake. Kwa kuwa zilikuja jioni wakamwita mwandishi Dada wa Jioni. Hawakumjua, nao baada ya muda hawakuuliza tena. Maji ya bomba nani anauliza yametoka kwa nani.

Aliyejua ni mmoja, kijana wa chapa. Kimya alimwambia siku moja mvua ilipomzuia dukani, kisha akamwapisha kwa maisha ya mama yake asije akamwambia kiumbe yeyote. Kijana akaapa. Huyo naye jina lake la mtaani lilikuwa Wino, kwa sababu ya vidole vyake, na jina hilo hilo ndilo alilolipa duka lake.

Alhamisi hiyo, kabla ya adhuhuri, aliingia Mama Miwani. Alikuwa mkunga mstaafu, miwani yake ameifunga kwa kamba shingoni, na mume wake alikuwa kitandani hajiwezi. Alileta shuka mara nyingi kuliko mteja mwingine yeyote.

"Kimya, mwanangu, shuka zangu zimekuwa?"

"Tayari, mama. Nimezipiga pasi pande zote mbili, zisimkwaruze mgongo."

"Mungu akupe mume asiyekoroma. Hebu nishikie hiki nikitafute kikaratasi chenu. Mama yako akinikuta sina atanila nyama."

Alichomshikisha kilikuwa kitabu. Jalada lilikuwa la zambarau, lina picha ya mwanamke amegeuza mgongo. Juu kimeandikwa VIFUNGO MDOMONI. Katikati, pale panapokaa jina la mtunzi, kwa herufi za dhahabu, kimeandikwa WINO.

Kimya alikitazama. Vifungo Mdomoni ilikuwa hadithi yake. Aliiandika juu ya mashuka yale yale.

"Umekinunua, mama?"

"Sasa ningekiiba? Kwenye simu nilikisoma chote, lakini zile herufi ni kama chawa, na mzee anataka nimsomee tena. Matunda yake ya wiki hii yatasubiri. Mwenyewe kaniambia, 'Nunua, chungwa nitaliota.'"

"Mimi nilidhani ameandika yule Dada wa Jioni."

"Dada gani? Kumbe ni mwanamume." Mama Miwani akainama, akapunguza sauti kama anatoa siri ya wodini. "Ni huyu huyu Wino wetu. Nimemuuliza kwa kinywa changu: mwanangu, haya yote yametoka kichwani mwako?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Mwenye kipaji hajisifu." Akavaa miwani, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. "Sikiliza hapa mume anapoondoka. 'Alimtazama kama mtu anayeitazama nyumba aliyowahi kupanga.' Umesikia? Si ya kwake tena, lakini anajua maji yanapovuja. Mwanamume aliyeandika hivi, atakayeolewa naye amepata." Akamkonyeza. "Na nimesikia Jumamosi mna wageni."

Katika hadithi za mapenzi, hapo pasi ingeunguza nguo ya mtu. Haikuunguza. Kimya aliisimamisha pasi pembeni, akachomoa waya ukutani, akampa Mama Miwani shuka zake, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akavuka barabara.

*

Duka la chapa lilikuwa chumba kimoja chenye joto. Mashine ilikuwa ikitema kadi za harusi, na meza ya pili ilikuwa imejaa ratiba za mazishi zinazosubiri kukunjwa. Wino alikuwa akikata karatasi kwa kile kisu kikubwa cha mkono. Alipomwona alitabasamu kabla hajajua kama kuna sababu.

"Umevuka barabara saa za kazi," alisema. "Leo mama yako yuko safarini au amekufukuza?"

"Viko wapi?"

"Nini?"

"Vifungo."

Tabasamu halikuondoka, lilikaa tu bila mwenyewe. Akaizima mashine. "Nani kakuonesha? Nilitaka ukione Jumamosi, mbele ya wazee. Nimekuwekea kimoja." Akafungua droo, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi, na utepe juu. "Chukua."

Kimya hakunyoosha mkono.

"Wengine umewauzia."

"Nimeuza, ndiyo. Vimekwenda kama njugu. Nilikuona unatoa bure kila siku, unaumiza macho, hupati hata asante yenye jina. Nikasema, ngoja nimfanyie kitu huyu."

"Umenifanyia au umenifanya?"

"Kimya, mpenzi." Aliweka kifurushi juu ya ratiba za mazishi, akaona kimekaa pabaya, akakihamisha. "Wewe mwenyewe unaandika pale chini: soma, mpe na mwenzio. Mimi nimempa mwenzio. Tofauti ni karatasi. Karatasi nanunua, umeme nalipa, gundi haianguki kutoka mbinguni. Sikuuza maneno yako. Niliuza karatasi."

"Basi ungeuza karatasi tupu."

Nje mtu aliuliza kadi zake, Wino akamwambia apite baadaye, bila kumtazama.

"Nilisema bure kwa sababu wapo wasioweza kununua," Kimya alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anamweleza mteja doa lililokataa kutoka. "Mama Miwani anauguza. Hadithi ile ndiyo starehe yake pekee. Leo amenunua kwa matunda ya mgonjwa."

"Amenunua. Nani alimlazimisha? Alikuwa nayo kwenye simu, bure, akaja hapa na miguu yake. Unajua maana yake? Maana yake ina thamani." Alisogea karibu. "Nikwambie kwa nini wewe unatoa bure? Kitu cha bure hakina wa kukilalamikia. Mtu akilipa anaweza kurudi akasema hakikunoga. Wewe unaogopa kurudishiwa."

Neno lile lilimwingia kwa sababu lilikuwa la kweli. Na neno la kweli likitoka kwenye kinywa chenye kosa huuma mara mbili.

"Fedha ziko," Wino aliendelea, akidhani ukimya ule ni kukubali. "Sijala hata senti. Nimempelekea seremala. Anatutengenezea kitanda, mbao ngumu, kina droo chini za kuwekea nguo. Nilisema hicho hutakijua mpaka siku yenyewe."

Kimya alifikiria kitanda. Alikiona kabisa, na droo zake. Mwanamume anayemfikiria mwanamke mpaka kwenye droo za nguo si mtu wa kutupwa, na hapo ndipo wasichana wengi hupotelea: wanaona droo, hawaoni mbao zimetoka msitu wa nani.

"Kwa hiyo nitalala juu ya hadithi zangu," alisema.

"Utalala juu ya godoro, kama watu."

Nusura acheke. Wino aliona, akajipa moyo, akakosea.

"Na jina?" Kimya akauliza.

"Jina uliniapisha mwenyewe. Ningeweka lako ungesema nimekuvunjia siri."

"Ungeweka Dada wa Jioni. Ungeacha wazi."

"Hiyo 'Wino' iko kwenye mashine siku zote. Kadi, kalenda, ratiba, kila kinachotoka hapa kina jina la duka. Nilisahau kuitoa."

"Kwenye kadi inakaa chini, herufi za sisimizi. Hapa imekaa katikati, tena ya dhahabu."

Wino alikuna shingo, akaacha alama nyeusi. "Niliipandisha. Jalada lilikuwa tupu pale. Ukiacha nafasi wazi katikati ya jalada, macho yanaanguka. Sikufikiria mtu, nilifikiria nafasi."

Na alikuwa anasema kweli. Mtu wa chapa haachi nafasi wazi, kama fundi wa kuta asivyoacha ufa. Kama mambo yangeishia hapo, pengine Kimya angechukua kifurushi chake, wakacheka, na Jumamosi ingefika salama.

"Mama Miwani alikuuliza," alisema.

"Alikuja nina wateja wengi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilicheka."

"Ulicheka."

"Nilicheka tu, Kimya. Ningesemaje? Niliapa nisikutaje."

"Ungesema, si mimi. Hilo hukuapa."

Wino alitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama anatafuta kilicho safi. Alipozungumza tena hakuwa anajitetea.

"Ilikuwa tamu," alisema. "Lile neno alilosema, kwamba nina kipaji. Mimi watu wakiingia hapa wananiambia niharakishe. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe. Nikasema liache likae kidogo."

"Limekaa?"

"Limekaa."

Kimya akageuka. Mlangoni Wino akamwita, akamuuliza kama Jumamosi iko pale pale.

"Shati lako liko kwenye msumari," alimjibu, akavuka.

*

Alimkuta mama yake uani, anaanua mashuka ya nyumba ya wageni. Shangazi, dada wa marehemu baba yake Kimya, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila njugu. Yeye alikuja tangu Jumanne kwa ajili ya wageni wa Jumamosi, na tangu Jumanne hajanyanyua kitu kizito kuliko njugu.

Mama hakuuliza. Alimrushia Kimya ncha mbili za shuka, wakaanza kukunja kama walivyofanya maisha yao yote: wanaachana, wananyoosha, wanakutana.

"Nimesikia Mama Miwani akisoma pale mbele," Shangazi alisema. "Na nimemwona huyu akivuka na uso wa mtu anayekwenda kudai kodi. Sasa nauliza, kuna neno?"

Kimya alieleza. Alieleza kwa ufupi, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza alitamka mbele ya watu kwamba Dada wa Jioni ni yeye. Shangazi aliacha kutafuna.

"Wewe? Yale ya mabusu kwenye ngazi?"

"Mimi."

"Haya." Akafikiri kidogo, akarudi kwenye njugu. "Bado sioni kosa. Mwanamume ana duka, ana mashine, anatengenezesha kitanda kabla hajaulizwa. Amechukua maneno. Maneno ni mali? Maneno hata kasuku anayo. Wifi, mwambie mwanao asituvunjie posa kwa ajili ya vitu vya bure."

"Wifi," Mama alisema, "hebu katuangalizie kaunta."

"Kuna mteja?"

"Atakuja."

Shangazi akanyanyuka na njugu zake, akaondoka polepole ili lolote litakalosemwa limkute njiani. Hawakusema kitu mpaka mlango ulipofungwa.

"Nilijua ni wewe," Mama alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu vifungo."

Shuka lilikuwa limenyooka kati yao.

"Baba yako alikuwa akirudi na maneno yake," Mama aliendelea, sauti ile ile ya kuhesabia nguo. "Mimi nikimsikia tu mlangoni, nachukua shati, nakaa kushona. Vifungo naviweka mdomoni. Mtu mwenye vifungo mdomoni hawezi kukujibu, na usipomjibu mlevi huchoka. Sikumwambia mtu. Mama yangu amekufa hajui. Nilidhani wewe ulikuwa mdogo, hukuona."

"Nilikuwa chini ya meza."

"Ndipo nikajua ulikuwa chini ya meza. Siku ile Mama Miwani amesimama pale kaunta na simu yake, ananisomea maisha yangu, analia, ananiambia, 'Jamani, mwanamke huyu ameteseka.' Nami nampa pole."

"Hukuniambia, mama."

"Ningesema nini? Ungekuwa umeuza ningekuja kudai changu. Cha bure utakidai kwa nani?"

Kimya, ambaye maneno yake yalizunguka mji kwa simu za watu, alipata neno moja tu.

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Na yeye hakukuuliza. Tofauti yenu ni kwamba wewe hukupata kitanda."

"Nisamehe, mama."

"Shika vizuri, linagusa chini."

Wakasogeleana, ncha zikakutana, Mama akazipokea.

"Sikukatazi kutoa," Mama alisema, akilitia shuka mkunjo wa mwisho. "Mimi mwenyewe mashuka ya zahanati nafua bure, unajua. Na namba nayatia. Umewahi kujiuliza kwa nini, na hakuna anayelipa?"

"Yasipotee."

"Yasipotee, na asije mtu akasema ni yake. Kutoa ni kutoa kilicho chako, na yule unayempa ajue amepewa na nani. Ukiacha kitu njiani bila jina, mwanangu, hujatoa. Umedondosha. Na kilichodondoka ni cha aliyeokota. Huyo kijana wako ni mwokotaji, si mwizi. Mwizi ningemjua tangu siku ya kwanza."

"Nampenda, mama."

"Najua. Ndiyo maana shati lake halina namba."

*

Ijumaa asubuhi Kimya aliandika kwenye lile kundi la kina mama, kwa laini yake mwenyewe ambayo kila mtu aliijua. Hakuandika sana. Alisema Dada wa Jioni ni yeye, binti wa dobi. Alisema vifungo ni vya mama yake, na kwamba alivichukua bila ruhusa, na kwamba amemwomba radhi. Alisema hadithi za jioni zitaendelea kuja bure, zikiwa na jina lake juu, na atakayezipeleka mbele asilikate. Ila kitakachotiwa jalada kitauzwa, kwa bei atakayoitaja yeye, na asiyekuwa nayo aje dukani waongee, mtu kwa mtu. Kisha akaiweka simu kifudifudi, akaendelea na kola za mashati, kwa sababu hakutaka kuona watakachojibu.

Aliyejibu wa kwanza alikuja mwenyewe, kamba ya miwani ikipepea.

"Kwa hiyo," Mama Miwani alisema, "yule alikuwa anacheka nini?"

"Muulize yeye, mama."

"Nami nimekwenda kumsifia mpaka kwa mzee. Mzee akasema, mwanamume hawezi kujua ladha ya kifungo. Nikambishia." Alikitoa kitabu mkobani, akakigeuza huku na huku. "Sasa hiki nikirudishe?"

Kimya aliisimamisha pasi pembeni. Hilo ndilo neno alilokuwa akilikimbia siku zote.

"Hakikukunogea?"

"Kilininogea mno. Jana tumelia wote wawili, mgonjwa na muuguzi."

"Basi kaa nacho. Nipe kalamu."

Akaandika jina lake alilopewa na wazazi juu ya ile dhahabu. Wino wa kalamu haukushika vizuri juu ya dhahabu; ilibidi arudie mara kadhaa mpaka likasomeka. Mama Miwani akalipuliza. Akaondoka nacho, pamoja na machungwa ya mzee ambayo Kimya alikuwa amemfungia mapema.

Alasiri akaja Wino. Alikuwa amemaliza kipande kizima cha sabuni mikononi. Vidole vilikuwa vyekundu kwa kusuguliwa, lakini weusi ulikuwa bado haujatoka. Alikuta watu kaunta, akapanga foleni, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika duka lile.

"Nimesoma," alisema zamu yake ilipofika. "Nimesimamisha uchapaji. Vilivyobaki nitavivua majalada, nitakuwekea jina lako. Seremala nimemwambia asubiri. Fedha nitakuletea."

"Na vilivyouzwa?"

"Vimeshauzwa, Kimya."

"Vina watu. Unawajua, uliwapa kwa mkono wako."

Alielewa, na alipoelewa uso wake ulishuka. "Nipite nyumba kwa nyumba, niseme si mimi?"

"Si lazima."

"Watanicheka."

"Ulianza wewe."

Nyuma ya nguo zilizotundikwa Shangazi alikohoa njugu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anapekua mifuko ya suruali ya mtu, hakunyanyua kichwa.

Kimya alilishusha lile shati jeupe kwenye msumari. Wino akanyoosha mikono kulipokea. Lakini Kimya alilitandaza kwenye kaunta, akachukua kikaratasi cha namba, akaandika, akakikata katikati. Nusu moja akaishikiza shingoni kwa pini. Nusu nyingine akampa.

Wino alikisoma. "Tangu lini mimi nina namba?"

"Tangu leo."

"Umeandika Jumatatu."

"Ndiyo."

"Wazee wanakuja kesho, Kimya. Hili ndilo shati. Si hili hapa limeshanyooka?"

"Limenyooka. Litatoka Jumatatu."

"Nitawaambia nini?"

"Kazi ya kupanga maneno wewe umeisomea kuliko mimi. Wapigie simu."

Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliangalia dari. Wino alikikunja kile kikaratasi, akakikunjua, kama mtu anayejifunza karatasi ni nini.

"Na Jumatatu kutakuwa na nini?"

"Kutakuwa na shati," Kimya alisema. "Mengine yatategemea ulikopita kabla ya hapo. Usikipoteze hicho. Ukikipoteza mama hatoi nguo."

"Mimi pia?"

"Hata wewe."

Akatia kikaratasi mfuko wa kifuani. Mlangoni aligeuka. Alimtazama kama mtu anayeitazama nyumba aliyowahi kupanga. Kimya aliufahamu mtazamo ule vizuri sana. Aliuandika mwenyewe, akautoa bure, na hakuwahi kufikiri siku moja utaletwa mpaka mlangoni.

"Anayefuata," Mama akaita.

Kimya alisubiri mpaka kijana alipovuka barabara salama. Kisha akalinyanyua shati jeupe, asilirudishe kwenye msumari. Akalitundika kwenye bomba la kutundikia, kati ya sare ya mlinzi na suti ya mkubwa wa benki, pamoja na nguo za watu.